Kabla hujanunua dawa ya minyoo, mtazame mdomoni

Punda wangu wa kubebea maji alianza kukonda kiangazi kilipokuwa kinaisha, nami kama mfugaji yeyote wa huku Magu nikalaumu minyoo. Nikampa dawa. Wiki tatu baadaye nikampa nyingine, ya bei kubwa zaidi. Mbavu zikazidi kuhesabika. Dalili ilikuwa miguuni pake kila asubuhi: vibonge vya majani yaliyotafunwa nusu, vimelowa mate, kama ugoro aliotema mzee. Mimi nilikuwa nafagia tu.

Jirani akaleta ushauri wake. Akasema kaakaa limevimba nyuma ya meno ya juu, tulichome kwa chuma cha moto. Chuma kilishawekwa jikoni. Mke wangu ndiye aliyekitoa, akasema moto wake ni wa ugali. Baadaye nikaelezwa kwamba uvimbe ule mara nyingi ni wa kawaida, hasa kwa mnyama mchanga anayeota meno, na kuuchoma ni kumpa kidonda cha pili mnyama ambaye mdomo tayari unamuuma.

Mtaalamu wa mifugo alimdunga sindano ya kumtuliza, akamwachamisha kwa chuma maalumu, akamulika tochi. Shavu kwa ndani lilikuwa limechanwachanwa. Akanishika kidole akaniambia nipapase ukingo wa gego: ulikuwa mkali kama bati lililokatwa.

Meno ya punda ni kama ya farasi, yanachomoza kidogo kidogo, kama milimita 2 au 3 kwa mwaka, na yanalika kwa kusagana. Sasa taya la juu ni pana kuliko la chini. Kwa hiyo ukingo wa nje wa magego ya juu haupati wa kusuguana naye, unabaki na ncha zinazochana shavu; ya chini yanaacha ncha upande wa ulimi. Punda anayeshinda malishoni akitafuna nyasi ngumu husogeza taya sana kwenda pembeni, ncha zinapungua. Wangu nilikuwa namfunga na kumlisha pumba, nikiona namdekeza.

Alilainishiwa meno kwa tupa yenye mpini mrefu. Tafadhali usijaribu hili nyumbani kwa tupa ya kunolea panga. Ukilikata jino vibaya, huna la kulirudisha. Kazi yako wewe ni kutambua: vibonge chini ya hori, kutafuna upande mmoja, mdomo unaonuka, mabua mazima mavini. Mpapase mashavu kwa nje, mkono ukiwa nje. Akishtuka, umepata jibu. Punda mzima atazamwe mdomo walau mara moja kwa mwaka.

Ng'ombe ni habari tofauti. Nilishamwona kijana mnadani akikataa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, mzuri kabisa, eti hana meno ya juu. Dalali alicheka mpaka akakaa chini. Ng'ombe, mbuzi na kondoo hawana meno ya mbele ya juu. Wana ufizi mgumu tu. Ng'ombe mzima ana meno 32, manane ya mbele yakiwa chini, na hayo ya mbele hutikisika kidogo hata akiwa mzima, kwa hiyo usiogope. Jozi ya kwanza ya kudumu huota akikaribia miaka 2, zote nne zinakamilika kwenye miaka 4 hivi, na wa kienyeji huweza kuchelewa. Ukiambiwa mtamba wa miaka 2 na unaona manane makubwa yaliyolika, funga pochi.

Kinachonipa wasiwasi zaidi kwa ng'ombe ni uvimbe wa taya. Vijidudu vyake vinaishi mdomoni siku zote, vinasubiri mwiba au bua kali litoboe nyama. Vikifika kwenye mfupa, taya linatoa nundu ngumu isiyosogea ukiisukuma, baadaye inatoa usaha. Usiitumbue. Dawa zinaweza kuusimamisha ugonjwa, lakini mfupa ulioharibika haurudi. Upo ugonjwa mwingine unaoukaza ulimi ukawa kama ubao, udenda unamwagika, ng'ombe anashindwa kukusanya majani. Huo ukiwahiwa unatibika vizuri. Nilimpoteza dume mmoja kwa nundu kwa sababu niliiona mwezi wa nne nikaita mtaalamu mwezi wa nane.

Na hapa naomba unisikilize. Mnyama anayemwaga udenda asije akakuvuta uingize mkono mdomoni. Malengelenge ulimini pamoja na kuchechemea ni ugonjwa wa miguu na midomo: zuia kundi lisitoke, toa taarifa. Lakini anayeonekana kama amekabwa, hamezi, analia kwa sauti ya ajabu au amebadilika tabia, huenda ana kichaa cha mbwa, hata kama ni ng'ombe, hata kama humkumbuki mbwa aliyemng'ata. Watu wengi huingiza mkono wakitafuta mfupa uliokwama. Mate yakikugusa kwenye jeraha, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo ukachanjwe. Usisubiri uone mnyama atafanyaje.

Kwa wenzangu wa mialoni, mbuzi wenu wanazunguka kwenye vichanja vya dagaa wakilamba kila kitu. Wangu mmoja alirudi na uzi wa nailoni ukining'inia mdomoni. Nilitaka kuuvuta. Ndoana ilikuwa imeshika chini ya ulimi, na ningeuvuta uzi ningeuchana ulimi wote. Ilibidi ikatwe kwa koleo, itolewe kwa kusukumwa mbele.

Punda sasa namlowekea pumba jioni tu, mchana anashinda kwenye nyasi. Chini ya hori nafagia bado, ila kwanza nainama.