Usaha sikioni, mlango uko puani

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Langoni, Lamu. Kijana wangu wa mwisho ana miaka 3, sikio la kulia latoa usaha wa harufu, sahii ni wiki ya tano. Mamangu amtilia mafuta ya nazi yaliyopashwa na kitunguu thaumu, jirani naye asema ni maji ya bahari na akikua litakauka lenyewe. Nishike la nani?

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Usishike la yeyote, ila mamako mwambie polepole, manake najua anayapasha yale mafuta kwa mapenzi.

Tuanze na jirani. Ule mfereji unaouona ukivuta sikio la mtoto unaishia kwenye kiwambo, ngozi nyembamba yenye upana wa kama sentimita 1 hivi, na maji hayapiti hapo kama kiwambo ni kizima. Nyuma yake kuna chumba kidogo chenye hewa, hicho ndo sikio la kati. Sasa hewa yaingilia wapi na mbele pamezibwa? Kuna mrija unatoka humo chumbani mpaka nyuma ya pua, ndo ule unaofunguka "tk" ukimeza mate kwenye ndege ya kutua Manda. Kwa mtu mzima una kama sentimita 3 na nusu na umeinama, kwa mtoto mdogo ni kama nusu ya huo na umelala karibu sawasawa, kwa hivo mtoto akishikwa na mafua mrija unavimba, unaziba, vijidudu vya puani vinapanda, usaha unajaa chumbani na kukisukuma kiwambo, na hapo ndo usiku kucha analia ameshika sikio. Kisha kiwambo kinatoboka, maumivu yanakatika ghafla, asubuhi wakuta mto umelowa na nyumba nzima inasema alhamdulillah amepona. Hajapona, chumba kimepata dirisha tu. Na dirisha likiwa wazi ndo maji ya bahari yanaingia kweli, kwa hivo jirani ana nusu ya haki: maji hayakuanzisha lakini yanachochea. Mafuta pia.

Humo ndani mna mifupa mitatu iliyoshikana, nyundo, fuawe na kikuku (cha kupandia farasi, si cha bibi arusi, na punda wetu hawavijui vyote viwili). Kikuku kina kama milimita 3, ndo mfupa mdogo kuliko yote mwilini. Kazi yake ni kufikisha sauti sikio la ndani, na si mchezo. Ukiwa umezama halafu mtu akuite kutoka gatini husikii kitu, manake sauti ya hewani ikigonga maji karibu yote inarudi, na sikio la ndani limejaa majimaji vilevile. Kiwambo ni kikubwa mara 17 hivi kuliko kidirisha cha sikio la ndani kinachogongwa na kikuku, basi nguvu yote inakusanywa pale padogo ndo inapenya. Usaha ukikaa miezi unaweza kula hiyo mifupa. Mtoto akiitwa kwa nyuma haitiki, mnamwita mkaidi, kumbe hasikii.

Usaha ukizidi wiki 2 huo ni ugonjwa sugu, mpeleke kliniki. Nyumbani sokota kitambaa safi au tishu ngumu kama utambi, tia taratibu, ukilowa toa uweke mwingine mpaka utoke mkavu, angalau mara 3 kwa siku. Kisha ndo dawa ya matone watakayokupa, si ya kujinunulia dukani, manake kuna matone yakipita kwenye tundu yanaharibu sikio la ndani. Vijiti vya pamba hapana, na bahari asiingie kwanza.

Ukiona uvimbe nyuma ya sikio, sikio limesukumwa mbele, uso umepinda upande, kutapika, kizunguzungu au shingo ngumu, usingoje asubuhi. Dari ya chumba hicho ni mfupa mwembamba sana na juu yake ni ubongo, na neva ya uso inapita ukutani mwake.

SWALI: Dokta, nazamia kamba hapa Malindi. Nikifika pima tatu sikio lauma kama kisu, juzi likalia "paa" nikaona bahari inazunguka. Nirudi lini?

JIBU: Kaka, ni mrija ule ule. Ukifika mita 10, kama pima tano na nusu, mkandamizo ni mara 2 ya wa juu, na kama hewa haikupanda chumbani kiwambo kinasukumwa ndani mpaka kipasuke. Yaelekea chako kimepasuka, bahari inazunguka sababu maji baridi yameingia. Kaa nchi kavu mpaka mtu aangalie kwa kile kimulimuli cha sikio akwambie kimefunga. Siku ukirudi, bana pua upulize kidogo kidogo tangu juu, kabla ya maumivu, likikataa panda kidogo ujaribu tena, wala usipulize kwa nguvu. Ukiwa na mafua usizame kabisa hata kama kamba wamejaa. Na ikizunguka tena ukiwa chini usiogelee kwa kukisia, hutajua juu ni wapi, shika kamba ya nanga upande nayo.