Benin ilipofunga mlango wa korosho ghafi

Mbukwenyi wasomaji. Barua tatu za safari hii zimeuliza habari za nchi moja, Benin ya Afrika Magharibi. Nadhani wote mlisikiliza kipindi kilekile cha redio. Nimefurahi sana, maana nimekaa miaka 26 nyuma ya mizani ya ushirika, na hesabu ya zao linalotoka nje ya nchi bado hunikosesha usingizi.

*Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Manyoni. Nina ekari nne za mikorosho, miti ina miaka sita na imeanza kuzaa vizuri. Nimesikia kwamba Benin imepiga marufuku kuuza korosho ghafi nje. Mzee wangu anasema na sisi tukifanya hivyo tutatajirika. Mimi naogopa nitakosa mnunuzi. Nani yuko sawa?* (Mkulima, Manyoni)

Marahaba mwanangu. Ulichosikia ni kweli. Mwaka 2022 serikali ya Benin ilitangaza kwamba ifikapo tarehe 1 Aprili 2024 korosho ghafi haitatoka tena nchini humo, na siku ilipofika ikafunga kweli. Kabla ya hapo korosho zao zilisafiri kama zetu: kwenye magunia, ndani ya kontena, hadi India na Vietnam, zikabanguliwe huko.

Mzee wako ana sababu ya kukasirika. Kilo 100 za korosho ghafi hutoa kilo 20 hadi 25 tu za korosho karanga. Zilizobaki ni maganda. Kwa uzito, basi, katika kila kontena tano tunazopakia, karibu nne zimebeba maganda, na nauli ya meli tumeyalipia.

Lakini kubangua nako kuna mambo yake, na hayo nayajua kwa mikono yangu. Mwaka 2021 akina mama tisa wa Nkuhungu tulichanga tukanunua kilo 100 na mashine mbili za mkono. Tukazipiga mvuke, tukazianika, tukabangua. Mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Tulijipaka mafuta ya alizeti na majivu, na bado wenzetu wawili walitoka malengelenge vidoleni. Baada ya siku sita tulikuwa na kilo 21. Nzima zilikuwa kilo 9, nyingine zote vipande. Mnunuzi tuliyepatana naye hapa mjini akachukua nzima peke yake. Vipande tuliviuza kwa majirani kwa bei ya karanga za Kongwa.

Hapo ndipo kiwanda hufa au hupona. Soko la dunia hulipa korosho nzima, tena hupangwa kwa ukubwa. Wakikuambia daraja la W320, maana yake punje kama 320 zinatimiza ratili moja. Kule Kollam, India, wanawake wamefanya kazi hiyo vizazi kwa vizazi na mikono yao imezoea. Wavietnamu wao wakatengeneza mashine zao wenyewe. Kijana wa Benin au wa Manyoni anayeanza leo anashindana na hao wote wawili.

Jambo la pili ni fedha ya msimu, na hili watu hawalitaji kabisa. Korosho huvunwa kwa miezi michache. Mwenye kiwanda anayetaka kufanya kazi mwaka mzima lazima anunue mzigo wa mwaka mzima katika miezi hiyo, taslimu, aulaze ghalani huku riba ya benki inahesabika. Msafirishaji wa korosho ghafi hana mzigo huo: ananunua, anapakia, analipwa, fedha yake inarudi mapema. Ndiyo maana kwenye mnada msafirishaji anaweza kumshinda mbanguaji hata kama mbanguaji ndiye mwenye faida kwa taifa. Waulize wakamuaji wa alizeti wa Singida. Mashine wanazo, umeme upo, lakini mbegu inawaishia katikati ya mwaka kwa sababu hawakuwa na fedha ya kuijaza ghala wakati wa mavuno.

Kwa kufunga mlango, Benin imemwondoa yule msafirishaji kwenye mnada. Na haikuishia kufunga. Kilomita 45 hivi kutoka Cotonou, mji wao wa bandari, mahali panapoitwa Glo-Djigbé, imetenga eneo kubwa la viwanda kwa ubia na mwekezaji, lenye umeme na barabara, na huko wanabangua korosho na kufuma pamba. Pamba ndiyo zao lao kubwa. Miaka fulani wamevuna zaidi ya tani 700,000 na kuongoza Afrika nzima. Patrice Talon, aliyekuwa rais mlango ulipofungwa, alikuwa tajiri wa pamba kabla hajaingia ikulu mwaka 2016, kwa hiyo hesabu hizi alizijua. Miaka yote nyuzi za Benin zimekwenda Bangladesh zikashonwe mashati. Kutaka mashati hayo yashonwe nyumbani ni nia ninayoiheshimu kabisa.

Wasiwasi wangu uko kwa mkulima wa Parakou, kule kaskazini mwa nchi hiyo. Wanunuzi wakibaki wachache, nani anampandishia bei? Serikali hupanga bei ya chini, lakini ikiwa jirani analipa zaidi, gunia litapanda pikipiki usiku likavuka kwenda Togo au Nigeria. Kwa ramani ya Benin hilo si gumu. Nchi ni nyembamba kama ukanda, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine si mwendo wa kuogopesha. Côte d'Ivoire, nchi nyingine ya Afrika Magharibi, ambayo ndiyo inayoongoza duniani kwa korosho ghafi, ilichukua njia nyingine. Imemlipa mbanguaji ruzuku kwa korosho karanga anazotoa, ili kwenye ununuzi aweze kupambana na msafirishaji. Mimi naipenda zaidi njia hiyo, ingawa inaila hazina ya serikali.

Na sisi tuna kovu letu. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho. Serikali ikakopa, ikajenga viwanda 12 vya kubangua, vingi vikiwa kusini. Wakati viwanda vinajengwa, korosho zikawa zinatoweka: watu walikuwa wamehamishiwa vijijini mbali na miti yao, ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukaingia, na bei aliyolipwa mkulima ikawa ndogo mno asione sababu ya kwenda kupalilia. Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa tunavuna chini ya tani 20,000. Mashine zikakaa. Majengo mengine yaligeuka maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazosubiri meli, na nilipoliona moja miaka ile nilishindwa kuongea. Baadaye, Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo, serikali ilichukua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi likazisomba. Bei ilikuwa nzuri. Kazi ya kutafuta soko la mzigo wote ule ilikuwa nzito, na wenye maghala ya kusini hawajaisahau.

Kwa hiyo kwa leo niko upande wako, mwanangu. Nitahamia upande wa mzee siku nitakapoona viwanda vitatu au vinne vyenye fedha ya msimu vikipandishiana bei na wasafirishaji kwenye mnada wenu. Hapo mlango ukifungwa hutaumia. Mwambie mzee hivyo, na umsalimie.

Jambo moja ulishike. Afrika Magharibi huvuna kuanzia Februari hadi karibu na Juni. Sisi huvuna kuanzia Oktoba, wakati viwanda vya Vietnam na India vimemaliza mzigo wa wenzetu na vina njaa. Hiyo ndiyo nguvu yetu, na kila anayeuza kwa kangomba, yaani kwa walanguzi nje ya mnada, mwezi wa Agosti, maua yakiwa bado mtini, anaigawa bure. Piga sulfa kwa wakati, anika siku tatu, tumia gunia la katani au jute. Salfeti huvundisha korosho, na mpima ubora akipasua punje akakuta doa hatasikiliza historia yako.

*Hujambo mama. Nasoma uchumi hapa Dodoma. Kwa nini faranga ya Benin haishuki kama shilingi yetu? Si wametushinda hapo?* (Mwanafunzi, Dodoma)

Sijambo mwanangu. Faranga ya CFA ya Afrika Magharibi imefungwa kwenye yuro: yuro moja ni faranga 655.957, leo na kesho. Nchi nane zinaitumia, na benki yao kuu moja iko Dakar. Mfumuko wa bei huwa mdogo, hilo ni jema kwa mama anayenunua mafuta ya kupikia. Ila Januari 1994, baada ya miaka mingi ya kutoshuka, ilikatwa nusu kwa siku moja, na waliokuwa na akiba waliamka na nusu ya dawa, nusu ya mchele. Halafu fikiria jirani yao Nigeria. Naira ikianguka, kama ilivyoanguka kuanzia Juni 2023, faranga inabaki palepale na mananasi ya Benin yanakuwa ghali kwa Mnigeria bila mkulima kupandisha hata senti. Usihesabu kushinda kwa kutazama sarafu peke yake.

*Dada, salamu. Nafanya biashara ya mahindi hapa Kibaigwa mwaka wa kumi na mbili. Mpaka ukifungwa mimi ndiye wa kwanza kulala njaa. Hao watu wa Benin nao yanawapata?* (Mfanyabiashara, Kibaigwa)

Kaka yangu, yanawapata kuliko sisi.

Benin ilihesabu watu milioni 10 kwenye sensa ya 2013. Upande wa mashariki ina Nigeria yenye watu zaidi ya milioni 200. Nigeria inajilinda: mchele usiingie kwa barabara, kuku wa barafu wasiingie, magari yaliyotumika yalipiwe ushuru mkubwa. Benin imeufanya ukuta huo kuwa duka. Meli zinashusha Cotonou mchele uliochemshwa kabla ya kukobolewa, kuku na magari, Benin inachukua ushuru wake, halafu mzigo unaelekea Nigeria kwa njia zinazojulikana na zisizojulikana. Wabenin wenyewe hula zaidi mchele mweupe. Ule mwingine si wa kwao. Petroli nayo ilikuja kinyumenyume, ya magendo kutoka Nigeria. Wanaiita kpayo, inauzwa kwenye chupa kando ya barabara, na bodaboda wa kule, wanaoitwa zemidjan, waliishi kwa hiyo. Nigeria ilipoondoa ruzuku ya mafuta mwisho wa Mei 2023, bei ya chupa barabarani Cotonou ilipaa palepale, kwa hotuba iliyosomwa katika nchi nyingine.

Agosti 2019 Nigeria ilifunga mipaka yake ya nchi kavu. Haikuwa wiki moja. Ilianza kufunguliwa Desemba 2020. Nyanya na mananasi yaliyolimwa kihalali kabisa na wakulima wa kusini mwa Benin yalioza, maana mpaka ukifungwa hautofautishi kati ya nyanya na mchele wa magendo. Hilo ndilo linaloniuma, kwa sababu unalijua na wewe. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa ajili ya sumukuvu, mwenye mahindi safi na mwenye mahindi mabovu walisimama foleni moja.

Halafu ikaja kaskazini. Niger haina bahari, na mizigo yake mingi ilipita Cotonou, zaidi ya kilomita 1,000 za lami hadi Niamey, kama malori yanayotoka Dar es Salaam yakakatisha hapa Dodoma kuelekea Rwanda na Burundi. Julai 2023 wanajeshi walipindua serikali ya Niger, jumuiya ya Afrika Magharibi ikaweka vikwazo, na malori yakapanga mstari Malanville, kando ya mto Niger. Februari 2024 vikwazo viliondolewa na Benin ilikuwa tayari kupitisha, lakini Niger ikaendelea kufunga upande wake. Mizigo ikazungukia Lomé, bandari ya Togo, na Burkina Faso, barabara ambazo madereva hawana uhakika wa kufika salama. Hata bomba la mafuta la karibu kilomita 2,000 kutoka Niger hadi pwani ya Benin liliingia kwenye ugomvi huo mwaka 2024. Sasa fikiria mama lishe wa Malanville aliyekuwa anapika kwa ajili ya madereva. Hakupindua serikali ya mtu.

Naamini hofu hii ya milango miwili isiyo mikononi mwao ndiyo iliyoifanya Benin ing'ang'anie viwanda vyake kwa nguvu hivyo. Shati likishonwa Glo-Djigbé linapanda meli, haliombi ruhusa ya jirani.

Kwako wewe, kaka. Kenya ilipoturuhusu tena iliweka masharti, na kiwango cha Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na sumukuvu isiyozidi sehemu 10 katika bilioni. Ukinunua kwa mkulima mahindi yaliyoanikwa juu ya udongo, umenunua zuio lako mwenyewe. Changeni kumi hapo sokoni mnunue kipimo cha unyevu, kisha mwambieni kila anayeleta gunia kwamba mnapima mbele yake. Sehemu ya mzigo iandalie Namanga, sehemu Dar es Salaam, na sehemu uiweke katika hali ambayo ghala la hifadhi ya chakula pale Kizota litaipokea bila kuirudisha. Turubai la kuanikia linunue kabla ya Mei, bei yake hupanda mavuno yakianza. Na shehena yako ya kwanza ya Juni ikiondoka, niandikie unyevu ulisoma ngapi na ulilipwa shilingi ngapi kwa kilo.