Kwa Nini Bado Ninachagua Mtumba

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza kama mtu mwenye uwezo wa kununua nguo mpya dukani ana sababu yoyote ya kuendelea kwenda kwenye mitumba. Sababu ninayo, na wala si bei. Bei inapendeza, sikatai, lakini raha ninayoipata pale soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, ni ya kuchagua: mbele yangu kuna fungu ambalo ni vigumu kukuta ndani yake vipande viwili vinavyofanana, na sina cha kunisaidia isipokuwa macho na vidole vyangu.

Anayenunua dukani hukuta mwenye duka amekwisha kumchagulia. Kwenye mtumba hata muuzaji hajui alichonacho, kwani hununua belo la kilo 45 lililofungwa na kukazwa kwa mikanda, akijua tu kwamba ni la magauni, la mashati au la mashuka, na linapofunguliwa asubuhi ndipo bahati yake na ya wateja wake hujulikana kwa pamoja. Wateja wazoefu hufika saa hiyo, kabla zile za daraja la kwanza hazijatundikwa kwenye henga na kupandishwa bei. Mimi hupendelea alasiri, wakati bei zimeshuka na muuzaji ana nafasi ya kuzungumza.

Ujuzi wenyewe hupatikana kwa kushikashika. Pamba ukiifinya kiganjani na kuiachia hubaki na mikunjo, ilhali poliesta hujinyoosha papo hapo. Gauni hutazamwa kwanza upande wa ndani, kwa maana huko ndiko kuliko na habari zake: kitambaa kilichoachwa kwenye mishono, ambacho ndicho kitakachomwezesha fundi kulipanua, hali ya bitana, na kwapa, ambapo jasho la mwenyewe wa kwanza huweza kuacha rangi isiyotoka kwa sabuni yoyote. Suruali, kwa kuwa hakuna chumba cha kujaribia, hupimwa shingoni: ukishaifunga kifungo, ukakilaza kiuno chake na kukizungusha shingoni, ncha mbili zikikutana kisogoni bila kuvutwa, basi itakutosha. Wasiozoea hucheka wakituona, lakini mimi nakiamini kipimo hicho kuliko namba ya kwenye lebo, kwa sababu gauni la namba 12 Uingereza ni namba 8 Marekani, na si kila lebo inayosema nguo ilitoka wapi.

Vitu vya nyumbani huzungumzwa kidogo, ingawa kwangu ndivyo vyenye raha kubwa zaidi. Shuka la pamba nzito lililokwisha kufuliwa mara nyingi huwa na ulaini ambao shuka jipya bado halijaufikia, tena halichuji wala halisinyai, kwani kama lingekuwa la kuchuja lingekwisha kuchujia kwa mwenyewe wa kwanza. Wanaoudharau mtumba hawalifikirii jambo hili, kwamba kila kipande kimekwisha kupita kwenye majaribio kabla hakijatufikia. Mapazia yaliyoshonwa kwa ajili ya madirisha marefu ya Ulaya huja na bitana nzito, na moja likipita mikononi mwa fundi cherehani hodari huweza kutosha madirisha mawili ya nyumba zetu, na masalia yake yakawa foronya za mito ya makochi. Bila fundi huyo wa mtaani nusu ya raha ninayoieleza isingekuwapo. Hata makoti ya baridi, ambayo mtu wa Dar es Salaam hayatazami mara mbili, yana wenyewe: hununuliwa na wanaokwenda Njombe na Makete.

Najua yanayosemwa dhidi yetu. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019, ili viwanda vya nguo vya ndani vipate soko. Rwanda ndiyo iliyoshikilia uamuzi huo, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikajibu kwa kuusimamisha msamaha wa ushuru uliokuwa ukizinufaisha nguo za Rwanda chini ya AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia bila ushuru. Hoja ya viwanda ina uzito, lakini nionavyo mimi, anayekishinda kiwanda chetu leo si gauni la pamba lililokwisha kuvaliwa Hamburg, bali ni gauni jipya la poliesta kutoka ng'ambo, la bei ile ile, ambalo halimalizi mwaka. Khanga na vitenge ninanunua vipya, na ningependa kununua mashuka mapya yaliyofumwa hapa siku yatakapokuwa mazito kama yale ya mtumba. Nguo za ndani nazo ni mpya daima, kwa kuwa Shirika la Viwango Tanzania limezipiga marufuku za mitumba, na kwa hilo sina ubishi nalo hata kidogo.