Maswali ya Wasomaji: Kuitumia Vyema Seti ya Maonyesho ya NFC

Barua nyingi zilizofika mezani kwetu zinahusu seti za maonyesho ya NFC, yaani mawasiliano ya umbali mfupi kati ya kisomaji na kadi isiyochomekwa mahali popote. Kwa kawaida seti ya namna hii huwa na bodi ya kisomaji yenye antena, kebo ya USB, kadi chache za aina mbalimbali, vibandiko vyenye chipu, na programu ya kompyuta inayoonyesha kila amri inayotumwa na kila jibu linalorudi. Tumefupisha barua hizo na kuacha majina ya waliotuandikia.

Ndugu Mhariri, nimekabidhiwa seti ya maonyesho ili niwafundishie wanafunzi wangu wa elektroniki. Mwongozo wake unaanza moja kwa moja na kuandika data kwenye kadi. Je, huo ndio mwanzo unaofaa? (Mwalimu wa ufundi)

Ndugu Mwalimu, ningependelea kuandika data kuje mwisho kabisa. Mwanafunzi anayeanza kwa kubofya kitufe cha kuandika huona maneno yake yakitokea kwenye kioo, akaridhika, na asijue hata kidogo ni kitu gani kilichopita hewani. Seti ya maonyesho ina thamani kubwa kwa sababu inayaweka wazi mambo ambayo simu na visomaji vya kawaida huyaficha, na ingesikitisha kuyaruka.

Anza na uga wa antena wenyewe. Programu nyingi za seti hizi zina kitufe cha kuuwasha na kuuzima. Kadi haina betri: kisomaji huzalisha uga wa sumaku unaobadilika kwa masafa ya megahezi 13.56, na koili iliyofichwa ndani ya plastiki ya kadi hukusanya umeme unaotosha kuiamsha chipu. Jambo hili linaonekana kwa macho ukitengeneza koili ya waya mwembamba yenye mizunguko michache, ukaiunganisha na kapasita iliyochaguliwa ili koili iitikie masafa hayo, kisha ukaongeza taa ndogo ya LED. Isogeze karibu na antena na taa itawaka bila waya wowote wa kuilisha. Baada ya hapo hutahitaji kueleza kwa maneno mengi nguvu ya kadi inatoka wapi.

Hatua ya pili ni salamu kati ya kisomaji na kadi. Kwa kadi za Aina A, moja ya aina mbili zilizomo katika ISO/IEC 14443, kiwango cha kimataifa cha kadi zisizochomekwa, kisomaji hutuma amri fupi ya biti 7, ambayo thamani yake katika heksadesimali (hesabu ya tarakimu 16, yaani 0 hadi 9 na A hadi F) ni 26, kikiuliza kama kuna kadi yoyote karibu. Kadi hujibu kwa baiti 2, kisha hutaja nambari yake ya utambulisho, nayo inapochaguliwa hurudisha baiti moja inayodokeza aina yake: 08 kwa kadi iitwayo MIFARE Classic yenye kumbukumbu ya kilobaiti 1, 00 kwa vibandiko vya jamii ya NTAG, na 20 kwa kadi nyingi zinazopokea amri za ngazi ya juu zaidi. Waambie wanafunzi wakisie aina ya kila kadi kwa baiti hiyo kabla ya kuitazama kadi yenyewe.

Usiache kuweka kadi mbili kwa pamoja juu ya antena. Katika jibu la kadi ya Aina A, muda wa kila biti umegawanyika nusu mbili, na biti ya 1 hujaza nusu ya kwanza ilhali biti ya 0 hujaza nusu ya pili. Nambari za kadi mbili zinapotofautiana mahali fulani, nusu zote mbili hujaa kwa pamoja, na kwa hiyo kisomaji hakitambui tu kwamba pana mgongano bali hujua umetokea kwenye biti ipi. Hapo hurudia ombi lake kikitaja biti zinazojulikana hadi mahali hapo, na kuongeza ama 0 au 1, ili kadi moja inyamaze na nyingine iendelee. Kwa maoni yangu hakuna sehemu ya somo hili iliyobuniwa kwa ustadi kuliko hii, na seti yenye kuonyesha kila fremu, yaani kila kifurushi cha biti kinachotumwa, huwezesha kuifuata hatua kwa hatua.

Kisomaji changu kinasoma kadi kwa umbali wa sentimita moja tu, ingawa nimesoma kwamba NFC hufika sentimita kumi. Nikikiweka juu ya meza ya chuma hakisomi kabisa. Je, kimeharibika? (Mwanafunzi wa uhandisi)

Kuna uwezekano mkubwa kwamba hakijaharibika. Sentimita 10 ni kikomo kinachotajwa kwa hali nzuri sana. Katika matumizi ya kila siku, sentimita 4 ni umbali wa kuridhisha, na antena ndogo ya bodi ya maonyesho inaweza kutoa pungufu ya hapo.

Chanzo ni namna uga wenyewe unavyofanya kazi. Urefu wa wimbi la megahezi 13.56 ni kama mita 22, kwa hiyo umbali kati ya kadi na antena ni mdogo mno ukilinganishwa na wimbi, na kinachotenda kazi hapa ni uga wa sumaku wa karibu, kama ule unaounganisha koili mbili za transfoma. Uga huo hudhoofika haraka: ukishavuka umbali unaolingana na ukubwa wa antena, nguvu yake hupungua takriban kwa kipeo cha tatu cha umbali, yaani ukiuongeza umbali mara mbili hubaki sehemu moja kwa nane. Kiwango cha ISO/IEC 14443 kinataka kadi ya ukubwa wa kawaida ifanye kazi katika uga wa kati ya ampea 1.5 na 7.5 kwa mita. Ukishuka chini ya hapo, chipu inaweza kukosa umeme wa kuamkia.

Kumbuka pia kwamba kadi haina kitoa mawimbi chake. Hujibu kwa kubadilisha mzigo inaouweka kwenye uga wa kisomaji, ikitumia masafa madogo ya takriban kilohezi 847.5, na kisomaji hulazimika kuyatambua mabadiliko hayo hafifu ndani ya uga wake chenyewe wenye nguvu nyingi. Ndiyo maana wakati mwingine kadi huamka lakini jibu lake halisikiki.

Meza ya chuma huleta madhara mawili kwa pamoja. Uga unaobadilika huzalisha ndani ya chuma mikondo ya umeme inayojenga uga wa kuupinga ule wa kwanza, na papo hapo chuma hubadilisha sifa za koili hata antena ikahama kutoka kwenye masafa iliyorekebishwa kuyaitikia. Inua bodi kwa kipande cha mbao au plastiki nene, au weka chini yake karatasi ya ferita iliyotengenezwa kwa masafa haya, ambayo huupa uga njia ya kupita bila kuingia kwenye chuma. Karatasi ya alumini ya jikoni haifai hata kidogo, maana nayo ni metali na itarudisha tatizo lile lile.

Ukishaondoa chuma, hakikisha kadi imelala sambamba na antena, kwa sababu kadi iliyosimama wima katikati ya koili huukosa uga hata ikiwa karibu. Usiweke kadi tano kwa mkupuo, kwani koili zake huathiriana na masafa yanayoitikiwa na kila moja huhama. Mwisho, chomeka kebo kwenye kompyuta yenyewe badala ya kigawanyio cha USB kisicho na umeme wake, na urudie kipimo.

Programu haiioni bodi kabisa, ingawa taa yake inawaka. Nifanye nini?

Taa huthibitisha kwamba umeme unafika, si zaidi ya hapo. Ikiwa bodi yako imejengwa kwa chipu ya PN532, tazama vile viswichi vidogo viwili: ndivyo vinavyoamua kama itawasiliana kwa njia ya I2C, SPI au UART, na mpangilio usiolingana na programu huifanya ionekane kama imekufa. Ikiwa ni kisomaji cha USB kinachojitambulisha kwa PC/SC, mfumo wa kawaida unaotumiwa na kompyuta kuzungumza na visomaji vya kadi, funga programu nyingine zote zinazoweza kuwa zimekishikilia.

Mhariri, kila kadi ina nambari yake ya kipekee, na seti yangu inaisoma kwa urahisi. Nataka kufungia mlango wa ofisi yetu kwa nambari hiyo. Je, ni salama? (Msomaji, fundi wa umeme)

La, ndugu yangu, usifanye hivyo kwenye mlango unaolinda kitu chochote cha thamani. Nambari hiyo hutamkwa wazi kwa kisomaji chochote kinachouliza, kabla ya ufunguo wowote, yaani namba ya siri, kutumika. Isitoshe, zipo kadi zinazomruhusu mtumiaji kuandika nambari anayoitaka, hivyo nakala ya kadi yako inaweza kutengenezwa na mtu aliyeisogelea kwa muda mfupi akiwa na simu. Nambari hiyo iliwekwa ili kuzitenganisha kadi mbili zilizo juu ya antena moja. Haikukusudiwa kuwa siri.

Pengine utafikiri kwamba data zilizofungwa ndani ya MIFARE Classic zitatosha. Kadi hiyo ya kilobaiti 1 imegawanywa katika sekta 16, kila sekta ina vitalu 4, na kila kitalu kina baiti 16. Kitalu cha mwisho cha kila sekta hubeba ufunguo A, biti za ruhusa na ufunguo B, na ukiondoa vitalu hivyo pamoja na kile cha kwanza cha mtengenezaji, unabaki na baiti 752 za matumizi. Ni kadi nzuri sana ya kufundishia mpangilio wa kumbukumbu, na seti yako itakuonyesha jinsi inavyokataa kusoma ukileta ufunguo usio sahihi. Hata hivyo, usimbaji wake, yaani namna yake ya kuficha data, uitwao Crypto-1 hutumia ufunguo wa biti 48 tu, na mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, walieleza hadharani jinsi unavyoweza kuvunjwa. Kadi nyingi mpya, tena, huja na ufunguo unaojulikana na kila mtu, FF FF FF FF FF FF, na kuna wasimamizi wasioubadilisha.

Chagua kadi inayotumia AES, usimbaji wa kisasa unaotumika sana duniani, kama MIFARE DESFire za kuanzia toleo la EV1. Katika kadi hizo kila upande humpa mwenzake namba ya kubahatisha, na kila mmoja huthibitisha kwamba anaujua ufunguo bila ufunguo wenyewe kupita hewani. Anayenasa mazungumzo ya leo hapati cha kumsaidia kesho. Ufupi wa umbali nao usikupe uhakika uliopita kiasi, kwa kuwa watu wawili wenye vifaa vya kupokezana ishara wanaweza kuiunganisha kadi iliyo mfukoni mwako na mlango ulio mbali nawe.

Nimeandika anwani ya tovuti kwenye kibandiko, na kisomaji changu kinaisoma vizuri, lakini simu hukigusa kibandiko bila kufungua chochote. Kosa liko wapi?

Yaelekea uliandika herufi za anwani peke yake. Simu hutarajia data ziwe katika muundo wa NDEF, yaani mpangilio wa pamoja wa kuandika ujumbe wa NFC, uliowekwa na NFC Forum, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 2004 na Nokia, Philips na Sony. Kwa kibandiko cha NTAG213, chenye baiti 144 za mtumiaji, anza kuandika kwenye ukurasa wa 4. Kila ukurasa una baiti 4.

Tuseme anwani ni https://example.org. Baiti zake, kwa heksadesimali, zitaanza hivi: 03 10 D1 01 0C 55 04, zifuatwe na herufi 11 za example.org, na kufungwa kwa FE. Ile 03 inatangaza ujumbe wa NDEF, na 10 ni urefu wake, yaani baiti 16. D1 inasema kwamba hii ndiyo rekodi ya kwanza na ya mwisho, tena fupi. 01 ni urefu wa jina la aina, na 0C ni urefu wa maudhui, yaani baiti 12. Herufi U, ambayo ni 55, inaonyesha kwamba maudhui ni anwani, na 04 inasimama badala ya https:// ili kuokoa nafasi. Jumla ni baiti 19, zinazoingia katika kurasa tano.

Nakusihi uwe mwangalifu na kurasa za 2 na 3. Humo mna biti za kufunga na za maelezo ambazo zikishawekwa kuwa 1 hazirudi tena kuwa 0, na kibandiko kilichofungwa kwa bahati mbaya hakifunguliwi na programu yoyote.

Nikiweka simu yangu juu ya kisomaji, nambari inabadilika kila mara. Je, simu ina hitilafu?

Haina. Simu nyingi zinapoiga kadi hutoa nambari ya kubahatisha ya baiti 4 inayoanza na 08, ili mwenye simu asifuatiliwe kwa nambari yake. Kwa hiyo simu huitambui kwa nambari, unazungumza na programu iliyo ndani yake. Tuma amri ya kuchagua programu, inayoanza na 00 A4 04 00, ikifuatwa na urefu wa kitambulisho cha programu na kitambulisho chenyewe. Jibu likiishia na 90 00, programu imepatikana. Likiwa 6A 82, haipo. Katika Android uwezo huu umekuwapo tangu toleo la 4.4 la mwaka 2013, na kwa majaribio yako mwenyewe unaweza kutumia kitambulisho kinachoanza na F0, chenye baiti kati ya 5 na 16. Washa kioo cha simu kwanza, kwa kuwa simu nyingi hazijibu kikiwa kimezimwa.