Mapanja Yananyonyoka, Nitumie Mafuta Gani?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Morogoro. Nywele za mbele na za mapanjani zimeisha, siku hizi sitoki bila kilemba. Nasuka rasta tangu nikiwa kidato cha kwanza, na nywele zangu ni za dawa. Mama naye yuko hivi hivi, ndugu wanasema ni ya ukoo. Wifi yangu anasema nywele zangu ziliokotwa saluni zikachezewa. Nimepaka mafuta ya mnyonyo na maji ya kitunguu, wapi! Naomba jina la mafuta. Halafu binti yangu wa miaka 7 anatoka vipele mbele kila akisukwa twende kilioni.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mtoto, maana kwake hatujachelewa. Vipele kwenye mstari wa nywele baada ya kusukwa vinaonyesha kwamba mashina ya nywele yanavutwa kupita kiasi. Mfumue leo. Usimpe Panadol ili alale nazo, wala usimsikilize msusi anayesema zitalegea zenyewe. Msuko unaomnyima mtoto usingizi umebana mno. Na kama hamjali sana nywele ndefu, mnyoe tu.

Sasa wewe. Upara wa kurithi kwa mwanamke mara nyingi huanzia utosini: nywele huwa nyepesi, njia ya kitana ikapanuka, lakini mstari wa mbele ukabaki. Wako umekwenda kinyume. Simama mbele ya kioo mchana, utazame ukingo wa paji la uso. Ukiona vinywele vifupi, laini, vimebaki mstari mmoja mbele ya sehemu iliyo wazi, jibu unalo: nywele zako zimeisha kwa kuvutwa na msuko. Hivyo vimepona kwa sababu ni vifupi mno, vidole vya msusi havivishiki. Mama yako naye muulize alikuwa akisuka vipi ujanani kabla hujailaumu damu yenu.

Na huyo wifi mwambie hivi: mwaka 1907 tatizo hili lilielezwa kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakifunga nywele utosini kwa kuzikaza sana. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 2007 ulilikuta kwa karibu mwanamke mmoja kati ya watatu. Hao wote walivutwa nywele, hawakulogwa. Linakuwa baya zaidi pale nywele za dawa zinaposukwa rasta, kwa kuwa dawa imeshaudhoofisha unywele, halafu unautwika mzigo.

Umeniomba jina la mafuta. Si kwamba nakunyima, ila hakuna mafuta yanayoshinda mkono unaovuta kila mwezi. Pitisha kidole mapanjani. Ngozi ikiwa laini inang'aa, huoni hata kitundu cha unywele, hapo pameshakuwa kovu na nywele hazitarudi kwa kupaka. Vitundu vikiwepo, tumaini lipo. Acha dawa ya kulainisha nywele, acha rasta, acha wigi la gundi, upumzishe kichwa miezi sita au zaidi, kwani nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi. Daktari wa ngozi anaweza kukuongezea minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ila mwambie kama una mimba au unanyonyesha.

Siku utakaporudi kwa msusi, sema kabla hujakaa: rasta chache, fupi, zisizo nzito, na vinywele vya mbele asiviguse. Akianza na ukahisi ngozi ya paji inavutika, mwambie afumue hapo hapo. Pesa yako ndiyo inayomlipa, usimwonee haya.

Jambo moja la kumwangalia binti: kichwa kikitoa magamba, kikawasha, na nywele zikakatikia juu kidogo tu ya ngozi, hayo ni mapunye, si msuko. Mpeleke kituo cha afya apewe vidonge, maana krimu peke yake haifiki kwenye shina la unywele. Na waangalie wote wanaochangia naye kitana.