Chumba cha watoto juu ya paa, Mkomani

Dada yangu, umeuliza kama nyumba ya marehemu baba yenu hapo Mkomani, Lamu, yaweza kubeba chumba cha watoto juu ya paa. Yaweza, lakini anzeni na boriti. Chukua kisu, dunga ncha ya kila boriti pale inapoingia ukutani. Kisu kikizama kama kwenye boga, maji na mchwa wameshaila. Hiyo ibadilishwe kwanza. Nguzo za chumba kipya zikae juu ya kuta za chini, kamwe si katikati ya boriti. Zege liacheni kabisa: ni zito mno, na saruji hufungia unyevu ndani ya kuta za matumbawe zilizozoea chokaa. Mbao na makuti vyatosha, mradi meko yawe mbali. Na lile tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, lishusheni, nakuomba. Mji wa kale u katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, basi pelekeni mchoro kwa Makumbusho ya Taifa na kaunti kabla ya kununua hata msumari. Dirisha nalo lisichungulie uwani kwa jirani. Mwendeeni mapema mzungumze.