Mama Bustani Anajibu: Kangaga la Kahuzi Linanifia Mkononi

SWALI: Mama Bustani, jambo. Mpwa wangu alirudi kutoka upande wa mlima Kahuzi na kipande cha gome chenye kangaga dogo ambalo sijapata kuliona. Majani yake ni membamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu, ukiyainua dirishani mwanga unapita. Nimelipanda kwenye chungu, udongo mweusi na mbolea ya sungura, nikaliweka barazani karibu na jiko. Namwagilia asubuhi na jioni. Wiki haijaisha, majani yamejikunja na kuwa meusi. Niongeze maji?
*Mwalimu B., Kadutu, Bukavu*

JIBU: Mwalimu, weka kopo chini kwanza. Kwa majani yanayopitisha mwanga namna hiyo, hilo ni la ukoo wa Hymenophyllum au ndugu zake Trichomanes. Jani lake, ukiacha mishipa, kwa kawaida lina unene wa seli moja tu. Halina vile vitundu vya kupumulia ambavyo majani mengine huvifunga jua likichoma, na nta ya kulikinga ni kidogo mno. Maji huliingia kupitia jani lenyewe, na hutokea huko huko, upesi. Kwa hiyo unalowesha udongo mara mbili kwa siku, mizizi inaoga, jani linakufa kiu. Babula, hilo jiko lako hapo pembeni, nayo inamalizia kazi.

London waliwahi kuugua ugonjwa huu wako. Daktari Nathaniel Ward alikuwa akipanda makangaga, moshi wa makaa ya mawe unamuulia. Mwaka 1829 aliweka kifukofuko cha nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa iliyofungwa, akingoja nondo atoke. Humo ndani kikachipua kikangaga, na unyasi pembeni yake. Kuanzia hapo watu wakajifunza kukuza mimea ndani ya vioo, hata kuisafirisha kwa meli. Wewe huhitaji kioo cha daktari. Bokali, yaani chupa ya kioo ya mdomo mpana, kubwa lenye kifuniko linatosha, au bidoni jeupe la maji ya kunywa la lita tano, ulikate shingo na kulifunika kwa nailoni inayopitisha mwanga.

Sasa toa kangaga kwenye ile mbolea, leo hii. Mbolea ya sungura peleka kwenye lengalenga (mchicha), huko itashukuriwa. Suuza mizizi polepole kwa maji ya mvua. Utaona shina jembamba jeusi, kama uzi, linalotambaa: hilo ndilo roho ya mmea. Likwaruze kwa ukucha. Ndani kukiwa na ubichi, bado lipo nawe. Likikatika kavu kama njiti, pole sana. Majani meusi yanayoteleza yakate kwa mkasi yasilete ukungu, lakini yaliyojikunja tu yaache, kwani aina nyingine za Hymenophyllum hukauka zikajikunja, zikipata unyevu zinafunguka tena.

Ndani ya bokali, chini kabisa, weka mawe mepesi ya volkano, yale yenye matundu. Mtu yeyote anayeshuka na boti kutoka Goma anaweza kukuletea mfuko. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe. Juu yake laza lile gome lenyewe na shina lake, usilifukie. Pulizia maji ya mvua, funika, weka mahali unapoweza kusoma gazeti bila taa lakini jua haligusi kioo hata kidogo. Jua la saa tano juu ya bokali lililofungwa litalipika kangaga lako kabla hujarudi kutoka darasani. Ukungu mwepesi kwenye kioo asubuhi ni sawa. Matone yakitiririka mchana kutwa, acha wazi kwa saa moja. Basi, usilishikeshike. Hukua polepole mno, na mwenye haraka apande begonia.

Kuhusu mpwa wako. Kama alilitoa ndani ya Parki ya Kahuzi-Biega, sheria hairuhusu kung'oa chochote humo, na asirudi kutafuta la pili hata hili likifa. Huko Ireland kuna kangaga la ukoo huu huu, la Killarney. Karne ya 19 wapenda mimea walilibeba kwa magunia hadi mabonde mengine yakabaki bila hata jani moja. Hao pia walikuwa watu waliolipenda. Na usilirudishe msituni mwenyewe, maana limeshakaa na udongo wa mjini na magonjwa yake.

SWALI: Mama, kangaga langu la majani madogo ya mviringo na vijiti vyeusi linaungua kingo. Namwagilia kila jioni maji ya ziwa, na chungu kimeota unga mweupe mdomoni.
*Mama J., Himbi, Goma*

JIBU: Mama J., hilo ni Adiantum, na huo unga mweupe umeshakujibu: ni chumvi. Maji ya Kivu yana madini mengi, pH yake, kile kipimo cha asidi na magadi, ni kama 9, na kila jioni unaacha kidogo kwenye chungu, maji yanaruka, madini yanabaki. Kinga maji ya mvua, lakini ya kwanza kutoka kwenye mabati yaache yapite, hasa siku ambazo moshi wa volkano ya Nyiragongo umelalia mji. Mwaga maji hayo ya mvua mengi juu ya chungu mpaka yatoke chini, mara kadhaa. Kisha kata majani yote karibu na udongo. Ndiyo, yote, usinitazame hivyo. Weka kivulini, udongo usikauke, na vijiti vipya vitachomoza vimejikunja vichwa. Hivyo usiviguse kwa kidole, hata mjukuu akikuomba.